Pale Hatupigi Makofi

Ipo nchi moja, jina lake nimeshauriwa nisilitaje, ambayo wananchi wake wamejaliwa viganja imara. Wanapiga makofi daraja likifunguliwa, na wanapiga tena daraja hilohilo likifunguliwa upya baada ya mto kulichukua. Waziri akiteuliwa wanapiga, akitumbuliwa wanapiga. Watoto huanza kufunzwa tangu chekechea: mwenzao akijibu sawasawa hupewa makofi ya kilo, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa. Mkuu wa wilaya akija hupewa ya gunia. Waziri hupewa ya tani. Mtukufu Kiongozi makofi yake hayana kipimo, hupigwa mpaka aondoke, na kuna mwaka alisahau kuondoka.

Katika nchi hiyo, kwenye mji wa pwani uitwao Majaruba ambako watu huvuna chumvi, alikuwako mwalimu wa historia, Bi Stumai Ngonyoka. Mwalimu Stumai alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu wa kuvaa asubuhi pamoja na viatu na kurudi nao nyumbani jioni. Alikuwa amewaona mawaziri wa elimu wengi, na kila mmoja alikuja na mtaala wake, na kila mtaala ulimkuta ubaoni akiandika tarehe ileile ya uhuru. Aliomba jambo moja tu: astaafu kabla tarehe hiyo nayo haijabadilishwa.

Sasa ikatokea kwamba wanafunzi wa nchi nzima walifeli historia. Wizara ya Elimu, Kumbukumbu na Mitambo ikaunda tume. Tume ikasafiri kwenda nchi za theluji kuchunguza kwa nini watoto wa huko hawasinzii darasani. Ikakaa huko msimu mzima, ikarudi na makoti mazito na jibu moja: historia haina mvuto. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama watoto wa huko hawasinzii kwa sababu ya baridi.

Waziri, Mheshimiwa Profesa Injinia Fanuel Kibwengo, alilipokea jibu hilo kwa uchungu mkubwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "historia yetu ni nzuri sana. Tatizo lake ni kwamba ilitokea zamani! Mtoto wa leo hawezi kusubiri kurasa ishirini ndipo nchi yake ipate uhuru. Tumeikuta historia imelala chali, nasi tumekuja kuiamsha. Nani kama sisi?"

Wananchi walimpa ya tani.

Basi kila shule ikaletewa Sanduku la Historia. Lilikuwa na kioo kipana kuliko ubao, na ndani ya kioo alikaa msichana wa kuchorwa, Dada Enzi, aliyetabasamu muda wote, hata alipokuwa akieleza ugonjwa wa tauni. Pembeni lilikuwa na sikio. Sikio hilo ndilo lililokuwa fahari ya Wizara. Lilisikiliza darasa, na kila somo lililopigiwa makofi lilinenepa: likaongezewa ngoma, farasi na fataki. Somo lisilopigiwa lilikonda. Na mara moja kwa mwaka, katika Siku ya Mvuto, masomo yaliyokosa makofi kabisa yalifutwa nchi nzima ili kuokoa nafasi. Isitoshe, Sanduku lilikuwa bahili wa umeme. Likikaa bila kusikia sauti yoyote, lilitangaza, "Hakuna mtu darasani," likajizima lenyewe.

Vitabu vya zamani vilikusanywa kwa malori, vikapelekwa kiwandani, vikarudi madukani vikiwa trei za mayai. Mwalimu Stumai alipata mazoea ya kusoma trei kabla hajakaanga yai. Siku moja, chini ya yai la tatu, alikuta maneno "na hapo ndipo wananchi walipo", hayana mwisho. Aligeuza trei nzima akitafuta walikuwa wapi, asiwaone.

*

Nisiseme uongo, watoto waliacha kusinzia. Nani angesinzia? Chukua mfano wa Mtemi Kilungu, shujaa wa vita dhidi ya wakoloni. Katika kitabu alinyongwa. Katika Sanduku, kila alipoinua mkuki watoto walipiga makofi, na kila aliponyongwa walinyamaza. Sanduku, ambalo ni kiumbe msikivu, likaacha kumnyonga. Mpaka muhula wa pili alikuwa ameshinda vita, ameoa, na amefungua chuo kikuu. Mtoto mmoja aliyeandika kwenye mtihani kwamba Mtemi alikufa alipewa sifuri na ushauri nasaha.

Ukame Mkuu, ule uliomaliza ng'ombe wa nyanda za juu, ulifutwa kwa kukosa burudani. Kwa upande mwingine, kuna shule moja ya bara yenye paa la bati ambako mvua kubwa ilinyesha wakati Dada Enzi akisoma historia ya kodi ya baiskeli. Sikio lilisikia mvua ile likadhani ni shangwe. Kodi ya baiskeli ikawa somo linalopendwa kuliko yote nchini, ikatungiwa wimbo.

Mwalimu Stumai aliyatazama haya kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikipakwa rangi mbaya. Wakati wa mapumziko alimwambia Mwalimu Mkuu Chande, "Mtemi leo asubuhi alikuwa na helikopta."

"Usiniambie," alijibu Mwalimu Mkuu Chande, mtu mwema mwenye shinikizo la damu. "Nisiposikia, sijasikia. Nastaafu Desemba, dada yangu."

Mwalimu Stumai naye angeweza kunyamaza mpaka Desemba yake ifike. Lakini lilikuwapo somo moja.

*

Katika kitabu cha zamani, ukurasa wa nyuma kabisa karibu na jalada, palikuwa na aya moja kuhusu Majaruba. Ilidumu humo kwa sababu hakuna mjumbe wa kamati ya mitaala aliyewahi kufika ukurasa huo. Aya hiyo ilisimulia kwamba miaka michache baada ya uhuru wavuna chumvi wa Majaruba waliomba buti, maana chumvi ilikuwa ikiwala miguu. Serikali ikamtuma Mjumbe. Mjumbe akaahidi buti, watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata akaahidi tena, wakapiga tena. Mara ya tatu akapanda jukwaani, akaahidi, kisha akatua kidogo kama ilivyo desturi ili makofi yapite.

Hayakupita. Wavuna chumvi walisimama pekupeku, mikono chini, wakimwangalia. Hawakurusha jiwe wala kutukana. Mjumbe aliuogopa ukimya ule kuliko ambavyo angeogopa mapanga, na askari wake wakaogopa kwa sababu yeye ameogopa, mikono yao ikaenda kwenye bunduki. Aya ilimalizia kwa kusema kwamba "baadhi ya watu walipoteza maisha", kana kwamba waliyadondosha njiani.

Mmoja wa hao baadhi alikuwa Ngonyoka Mapande, mpiga chepe, baba yake Stumai. Stumai alikuwa darasa la pili. Marehemu walifukiwa ndani ya jaruba mojawapo la kukaushia chumvi, na maji ya bahari yakafunguliwa juu yao, kwa hiyo hapakuwa na pa kuweka hata jiwe. Aya ile ndiyo ilikuwa kaburi. Mwanamke huyu alisomea ualimu wa historia, na si wa hesabu aliyoiweza zaidi, ili kila mwaka apate ruhusa ya serikali kulizuru kaburi la baba yake mbele ya kidato cha pili.

Alikuwa na desturi yake. Akifika kwenye aya hiyo aliwaambia, "Hapa tunasimama. Mikono chini. Pale wao hawakupiga makofi, na sisi pale hatupigi makofi." Watoto walisimama kimya mpaka yeye aseme kaeni. Waliokuwa watundu kuliko wote walisimama. Majaruba nzima ilipitia ukimya ule: wauza samaki, maaskari, hata diwani.

Sanduku lilipokuja, aya iliingizwa humo pamoja na nyingine, bila kusomwa. Desturi ikaendelea. Na Sanduku likasikiliza, likasikiliza, lisisikie kitu.

*

Afisa Mvuto wa Wilaya alikuwa kijana nadhifu aitwaye Danstani. Alikuja na kishikwambi kwapani na uso wa mtu anayekwenda kutoa habari za msiba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Danstani. Umekonda. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Alikaa, akasimama, akakaa tena. "Mwalimu, somo la Majaruba ndilo la mwisho nchini. Halina hata kofi moja. Lile la kilimo cha mihogo enzi za kale lina makofi kumi na moja."

"Basi mihogo imetushinda."

"Siku ya Mvuto Mheshimiwa Waziri anakuja hapa. Anataka kushuhudia kwa macho yake shule yenye somo baridi kuliko yote. Somo likipata makofi mbele yake, litabaki na litanenepa. Lisipopata, jioni hiyohiyo linafutwa." Alishusha sauti. "Kilo moja tu, mwalimu. Kilo moja inatosha."

"Niwapigie makofi watu waliouawa?"

"Siyo kuwapigia wao. Kulipigia somo."

"Waliuawa kwa nini, Danstani? Nilikufundisha mwenyewe, ulikaa dawati lile la dirishani."

Danstani alikitazama kishikwambi chake. "Kwa sababu hawakupiga makofi, mwalimu. Sijasahau. Ndiyo maana nimekuja mimi, ningeweza kutuma mtu."

Mwalimu Stumai alimsindikiza mpaka mlangoni. Alijua kijana yule anampenda, na jambo hilo lilimchosha zaidi, maana adui ni rahisi kumfukuza. Nyumbani alipika wali ukaungua. Aliwaza hivi: asipopiga, baba anafutwa, na mtoto wa mwakani hatajua kwamba alikuwapo mtu aitwaye Ngonyoka. Akipiga, baba anabaki, lakini anabaki akipigiwa makofi, yeye aliyekufa kwa kuyakataa. Na Sanduku likishanogewa litamwongezea farasi. Hata hivyo, alijiambia, farasi si haba. Mtu mwenye farasi angalau anaonekana.

Kesho yake akasimama mbele ya kidato cha pili. "Waziri akija tutapiga makofi. Kila somo, ya tani. Mmesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kiranja wa darasa, msichana mrefu aitwaye Sikudhani, aliinua mkono. "Hata pale, mwalimu?"

"Hata pale."

"Lakini mwalimu, ulitufundisha pale hatu—"

"Najua nilichofundisha! Kaa chini."

Sikudhani akakaa. Mwalimu Stumai aligeukia ubao usiokuwa na kitu chochote cha kufutwa, akaufuta. Aliona aibu, na aibu ile haikutoka hata alipojikumbusha kwamba anafanya kwa ajili ya baba.

*

Siku ya Mvuto mawe ya njiani yalipakwa chokaa, na mbuzi wa jirani, ambao hawakuwa na tabia ya kupongeza, walihamishwa. Mheshimiwa Kibwengo aliketishwa kwenye sofa iliyotolewa nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, ikiwa bado na vitambaa vyake vya kufumwa. Nyuma yake alisimama mlinzi mwenye miwani myeusi. Danstani alisimama kando ya Sanduku, na Mwalimu Mkuu Chande alisimama karibu na mlango, kwa sababu za kiafya.

Dada Enzi alianza. Mtemi Kilungu alipita na helikopta yake: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa! Kodi ya baiskeli: watoto waliimba na wimbo wake. Kisha ukaja uhuru wenyewe. Kwa vile Sanduku lilikuwa limesikia makofi mengi katika hotuba za Mheshimiwa, lilikuwa limehitimisha kwamba naye ni tukio la kihistoria, likamweka jukwaani usiku wa uhuru akipandisha bendera, miaka tisa kabla hajazaliwa. Waziri alijiona, akashangaa kidogo, kisha akaanza kukumbuka.

"Palikuwa na baridi usiku ule," alimwambia Mwalimu Mkuu.

"Sana, Mheshimiwa," alisema Mwalimu Mkuu Chande.

"Na sasa, marafiki," alisema Dada Enzi akitabasamu, "twendeni Majaruba, kwenye chumvi tamu!"

Wavuna chumvi wakajitokeza kwenye kioo, safu kwa safu. Mwalimu Stumai alikuwa hajawahi kuwatazama vizuri, maana somo lilipofika hapo aliwatazama watoto. Leo aliwatazama. Mchoraji wa Wizara, ambaye hakufika Majaruba wala hakuisoma aya, aliona haipendezi kuwachora watu pekupeku mbele ya wanafunzi. Wote walikuwa wamevaa buti. Buti nyeusi, ndefu, zinazong'aa. Baada ya miaka yote ile, serikali ilikuwa hatimaye imewapa buti.

Mjumbe wa kwenye kioo akaahidi, akatua. Chini yake vikatokea viganja viwili vya manjano vikiwakawaka: pigeni, pigeni.

Mwalimu Stumai aliinua mikono yake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuamua na hakuwa na nguvu ya kuamua upya. Akapiga kofi moja. Lilisikika chumba kizima, dogo, kavu. Alisubiri darasa limpokee.

Hakuna aliyempokea. Sikudhani alisimama, mikono chini. Nyuma yake madawati yakasukumwa taratibu, moja baada ya jingine, mpaka darasa zima lilikuwa wima, kimya, likimwangalia mwalimu wake kwa macho ya kuomba radhi. Mwalimu Stumai aliitazama mikono yake iliyobaki hewani kama ya mtu anayepima kitambaa. Akaishusha. Alilia, na hakujificha.

Mheshimiwa Waziri alikuwa hajawahi kukutana na ukimya. Aligeuza shingo huku, akageuza kule. Jasho lilimtoka. Mlinzi alipoona bosi wake anatoka jasho, mkono wake ukaenda kiunoni, na Mwalimu Stumai akauona. Alikuwa ameusimulia mkono huo kila mwaka. Akatembea, bila haraka kwa sababu magoti hayakumruhusu, akaenda kusimama kati ya sofa na dawati la Sikudhani.

"Sisikii kitu," alisema Dada Enzi kwa furaha. "Hakuna mtu darasani. Tunaokoa umeme. Kwaherini!" Kioo kikazimika.

Danstani alikohoa. "Mheshimiwa, mashine inasema hakuna mtu."

"Eti?"

"Hakuna mtu darasani. Imetangaza. Na Mheshimiwa mwenyewe ulilihakikishia Bunge kwamba mashine hii haikosei."

Waziri aliwatazama watoto, akakitazama kioo cheusi, akaonekana akipima. Taratibu uso wake ukarudiwa na rangi.

"Kwa maana hiyo, hakuna mtu aliyekataa kunipigia makofi."

"Atatoka wapi, Mheshimiwa?"

"Na kama hakuna mtu, huyu hapa hawezi kumtishia mtu." Alimnyooshea mlinzi kidole, naye akaurudisha mkono wake. Waziri akainuka, akapita katikati ya madawati kwa uangalifu, kama mtu anayekwepa viti gizani. Alipofika mlangoni alisema, bila kumlenga yeyote, kwamba ni jambo la kusikitisha sana kuikuta shule imefungwa siku ya kazi. Mwalimu Mkuu Chande, asiyejua kama yeye yumo au hayumo, alimpungia mkono kidogo.

*

Jioni ile somo la Majaruba lilifutwa nchi nzima. Mwalimu Stumai alisubiri kuitwa, kufukuzwa, au kuhamishiwa kule wanakohamishiwa. Hakuitwa. Kumwadhibu kungekuwa kukiri kwamba darasani walikuwamo watu, na kukiri hilo kungekuwa kusema mashine imekosea, na mashine ilikuwa imezinduliwa na Mtukufu Kiongozi mwenyewe. Wizara ilitangaza kwamba ziara ilifana. Makofi hayakuweza kuthibitishwa.

Aliwaomba radhi wanafunzi wake, mbele ya wote. Sikudhani akasema, "Haina neno, mwalimu. Ulikuwa umechoka."

"Bado nimechoka," alisema Mwalimu Stumai.

Mwaka mpya ulileta kidato cha pili kipya. Sanduku lilinenepa zaidi. Siku ambayo zamani ingekuwa ya Majaruba, Dada Enzi alimaliza uhuru kwa fataki, akavuta pumzi ya kuchorwa, na kuruka moja kwa moja mpaka ufunguzi wa barabara kuu. Mwalimu Stumai, nyuma ya darasa, aliyafumba macho ili pengo lile lipite.

Akasikia madawati. Hakuwa amewaambia neno. Lakini Majaruba ni mji mdogo, na wengine walikuwa na dada na kaka waliotangulia, na karibu wote walikuwa na wazazi. Walisimama pale palipokuwa na pengo, mikono chini, huku barabara kuu ikifunguliwa mbele yao na viganja vya manjano vikiwakawaka bure.

Sanduku likasikiliza kwa muda wake wa kawaida.

"Hakuna mtu darasani," likasema, likajizima.

"Kaeni," alisema Mwalimu Stumai.

Akavuta kiti mpaka mbele, akaketi, akavua viatu maana vilikuwa vikimuuma tangu asubuhi. Watoto walimsubiri.

"Baba yangu," akaanza, "alikuwa na miguu mibaya sana."